Mwenye Watoto Naye Ni Abiria: Barua ya Wazi kwa Wanaopanga Usafiri wa Dar es Salaam

Kwa: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART), Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), Wakala wa Barabara (TANROADS), waganga wakuu wa halmashauri za Dar es Salaam, wamiliki wa daladala, madereva na makondakta.

YAH: USAFIRI WA MZAZI MWENYE MTOTO MCHANGA NA MTOTO MDOGO

Ndugu wahusika,

Mimi ni mkazi wa Segerea, mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka miwili na ushee, mdogo ni mchanga, bado ananyonya usiku kucha. Gari hatuna, na kwa mfuko wetu ulivyo hatutakuwa nalo leo wala kesho. Silii kwa hilo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao huenda kazini, sokoni na hospitali kwa daladala, mwendokasi, bajaji, bodaboda na miguu yao wenyewe. Mimi ni mmoja wao. Ninachodai ni nafasi yangu ndani ya gari la umma, pamoja na wanangu.

Nianze na neno ambalo yote yatakayofuata yanalitegemea. Usafiri wetu umepangwa kana kwamba kila abiria ni mtu mzima, mwenye mikono miwili mitupu na miguu ya kudandia gari linalotembea. Mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hakukumbukwa popote: si kwenye kituo, si kwenye ngazi ya gari, si kwenye hesabu ya konda, si kwenye saa za kliniki. Tukilalamika tunaambiwa watu siku hizi hawana utu. Mimi nasema utu upo tele, nitaueleza huko mbele. Kinachokosekana ni kanuni, ratiba na saruji, na vitu hivyo vitatu viko mikononi mwenu.

Najua swali litakaloulizwa kwanza: mama mwenye kichanga anatoka kwenda wapi? Si akae nyumbani, aletewe mtori?

Ninatoka kwa sababu Serikali imeniita, na imeniita kwa tarehe. Mzazi anatakiwa kuonwa na mtoa huduma ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Mtoto hupata BCG na tone la kwanza la polio anapozaliwa, halafu chanjo zinaendelea akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Surua na rubella zinamsubiri akifika miezi 9, na tena miezi 18. Katikati ya hizo kuna kupima uzito kila mwezi, na kaka yake naye anapimwa mpaka atimize miaka mitano, na kila miezi sita kuna tone la vitamini A. Tarehe hizo zote ziko kwenye kadi ya kliniki, zimeandikwa na nesi kwa kalamu. Ni mpango mzuri, na nchi hii ina haki ya kujivunia chanjo zake. Lakini kadi hiyo haina mstari hata mmoja unaoeleza mama atafikaje.

Kwa mwenye mtoto mmoja, safari hiyo inavumilika. Ugumu wenyewe unaanza mtoto wa pili anapozaliwa kabla wa kwanza hajaweza kutembea umbali wa maana. Mdogo huwezi kumwacha, kwa sababu ananyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Mkubwa huwezi kumwacha, kwa sababu bibi yake yuko mkoani, jirani amekwenda gengeni, na si kila nyumba ina uwezo wa kumlipa dada wa kazi. Baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 3 za likizo ya uzazi. Siku ya nne amerudi kazini, na mama amebaki na watoto wawili na kadi mbili. Kama alijifungua kwa upasuaji, daktari amemwambia asinyanyue kitu kizito kuliko kichanga chake kwa wiki kadhaa. Mtoto wa miaka miwili ni mzito kuliko kichanga mara tatu, na ngazi ya daladala aina ya Kosta hawezi kuipanda mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inampa mama aliyeajiriwa siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Siku 84 ni wiki 12. Chanjo ya wiki 14 inaangukia baada ya likizo kwisha, hata kwa mama ambaye hakupoteza siku moja kabla ya kujifungua. Kwa hiyo safari ya chanjo ile inafanyika siku ya kazi, asubuhi, jiji zima likiwa barabarani. Sheria inampa pia muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kulala Segerea anajua kwamba saa mbili hizo zinaweza kuishia kwenye foleni kabla mtoto hajaona titi. Nimetaja walioajiriwa kwa sababu wao angalau wana sheria ya kushika. Mama ntilie, muuza vitenge na mfanya usafi wa kutwa hawana hata hiyo, na kliniki wanaitwa vilevile.

Sasa tuje barabarani.

Daladala ikiingia kituoni saa moja asubuhi, mara nyingi haisimami. Inapunguza mwendo, watu wanakimbia nayo, mlango unajaa viwiko. Mzazi mzoefu ana maandalizi yake. Kichanga hatakiwi kuwa mgongoni wakati wa kupanda, kwa sababu nyomi itambana na wewe humwoni. Unaigeuza mbeleko mbele, kichwa chake kifuani kwako. Mkubwa unamshika kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole vinachomoka. Mkoba wa nepi unauning'iniza shingoni, nauli umeikunja mapema kiganjani ili usije ukapekua pochi gari likiwa linayumba. Kisha unasubiri gari lenye konda mwenye subira. Huyo akipatikana, ngazi ya kwanza ya Kosta inamfika mtoto kifuani. Huwezi kumpandisha bila kuinama, na huwezi kuinama ukiwa na kichanga mbele.

Hapo ndipo utu niliousema unapojitokeza. Unasema "nipokelee mtoto," na mikono ya mtu usiyemjua inashuka kutoka ndani ya gari na kumnyanyua mwanao. Kijana aliyevaa spika za masikio anampakata bila kuulizwa. Mama mtu mzima anasogea nusu siti na kusema, "Njoo ukae hapa, mwanangu, huyo anahitaji hewa." Mzee wa nyuma anapiga kelele, "Suka tulia, mama ana watoto!" Sijawahi kupanda daladala na wanangu bila msaada wa mtu. Kwa miaka mingi akina mama wa jiji hili wamesafiri kwa msaada huo wa mapajani, na hakuna bajeti ya taasisi yoyote iliyowahi kuulipia hata shilingi.

Lakini mambo ya afya ya mtoto hayafai kutegemea bahati ya nani kakaa siti ya karibu na mlango. Siku ambayo abiria wote wamelala au wamechoka, mama anabaki kituoni. Na siku hizo zipo.

Makonda wanalaumiwa sana katika jambo hili, na wengine wanastahili. Hata hivyo naomba niwatetee kidogo, kwa sababu tusipoelewa wanavyolipwa hatutapata dawa. Daladala nyingi zinaendeshwa kwa hesabu. Mwenye gari anataka kiasi chake jioni, liwe jua, iwe mvua. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku, kinachobaki ndicho dereva na konda wanachogawana, na deiwaka aliyeshikilia gari kwa nusu siku anatoa chake humohumo. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake kuhusu daladala za Dar es Salaam, Taken for a Ride, kilichotoka 2017, ameonyesha jinsi vijana hawa wanavyofanya kazi bila mkataba na bila mshahara, na jinsi mbio na ujazaji tunaouona vinavyozaliwa na mpango huo.

Piga hesabu ukiwa mlangoni kama konda. Nauli ya mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita 10, tangu Desemba 2023, ni shilingi 600. Mama mwenye watoto wawili analipa 600, anakalia siti nzima, anapanda kwa muda ambao vijana wanne wangekwisha kupanda, na atashuka kwa muda uleule. Mwanafunzi analipa 200. Ndiyo maana asubuhi kituoni utawaona wanafunzi na akina mama wenye watoto wameachwa pamoja, kundi moja, wakitazama magari yakipita. Hawakuachwa na roho mbaya ya mtu mmoja. Wameachwa na hesabu, na hesabu hiyo inampa konda hasara kila anapotenda wema.

Kuna pia udhia wa kukata ruti. Gari limeandikwa Kariakoo, likifika Buguruni linageuza kwa sababu foleni mbele ni ndefu na abiria wa kurudi wapo. Kwa kijana, kukatishwa ruti ni kero ya dakika tano. Kwa mwenye watoto ni kuanza upya kila kitu: kushuka, kugeuza mbeleko, kumtuliza mkubwa aliyekuwa amesinzia, kutafuta mikono mingine ya kumpokea. LATRA mnaikataza tabia hii na mnatoza faini. Tunawashukuru. Tunachoomba ni kwamba doria iwepo saa za asubuhi kwenye vituo vya kuunganishia magari, ndiko ruti zinakokatwa.

Mama aliyeachwa kituoni ana njia mbili. Ya kwanza ni bajaji ya kukodi. Ina sakafu ya chini, unaingia umekaa, inakufikisha mlangoni. Ningekuwa na uwezo nisingepanda kitu kingine. Lakini bei yake kwa umbali wa daladala moja huweza kuwa mara nane au kumi ya nauli, na kurudi vilevile. Hiyo ni mboga ya siku mbili, tatu.

Njia ya pili ni bodaboda, na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kuliko pengine popote. Mtaani tunaita mishikaki: dereva mbele, mtoto mkubwa katikati, mama nyuma, kichanga mgongoni. Hakuna kofia ya kumtosha mtoto wa miaka miwili, na kwa kichanga haipo kabisa. Miguu mifupi ya mkubwa inaning'inia karibu na bomba la moshi. Wauguzi wanajua kovu lile la duara kwenye shavu la mguu. Kila mara trafiki wanapofanya msako tunasikia kwamba wazazi hawajali maisha ya watoto. Mzazi anayepakia wanawe kwenye pikipiki saa moja asubuhi mara nyingi ameachwa na daladala tatu na ana kadi inayosema leo ndiyo siku ya chanjo. Sitetei mishikaki. Nasema tu kwamba haitakoma kwa msako, wakati mlango wa daladala umefungwa.

Na miguu je? Kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita moja na nusu si mbali. Kilomita moja na nusu na mtoto wa miaka miwili, kando ya barabara isiyo na njia ya watembea kwa miguu, ni jambo jingine. Upande mmoja kuna mtaro ulio wazi, upande mwingine kuna magari, katikati kuna ukanda wa vumbi ambao bodaboda nazo zinaudai. Palipojengwa njia nzuri, kuna meza ya chipsi, kuna gari limeegeshwa, kuna mzigo wa tofali. Nilizawadiwa kigari cha mtoto mwanangu wa kwanza alipozaliwa. Kiko sebuleni, kinahifadhi nguo za kupiga pasi. Barabara kubwa zina madaraja ya waenda kwa miguu, na ni mema kwa mwenye kupanda ngazi akiwa mikono mitupu. Mwenye watoto wawili hutazama juu, hutazama magari, halafu huvuka chini kwa kubahatisha. Masika yakiingia, mitaa yetu mingi inakuwa vijito, na Jangwani maji yakijaa Barabara ya Morogoro hufungwa na mwendokasi husimama. Chanjo haisubiri kiangazi.

Sisemi kwamba jiji hili halijawahi kufanya jambo jema. Limefanya, na mifano ninayoitaka ni ya hapahapa.

Mwendokasi ulipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, kulikuwa na jambo moja ambalo wengi hawakulitazama: sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko usawa mmoja. Mtoto wa miaka miwili anaingia kwa kutembea. Mwenye kiti cha magurudumu anaingia. Mjamzito anaingia bila kupanda ngazi. Mwaka 2018 Dar es Salaam ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata, na usawa ule wa sakafu ni sehemu ya sifa hiyo. Lakini sakafu hainufaishi kitu kama saa za asubuhi mlango ni vita. Mliomfikiria mzazi mlipochora kituo, mfikirieni tena mnapopanga foleni.

Mfano wa pili ni wa shule. Taasisi ya Amend ilizunguka kwenye shule za msingi zilizo kando ya barabara hatari, ikapima watoto wanapita wapi na wanagongwa wapi, kisha ikaweka matuta, vivuko vyenye alama, vizuizi na njia za miguu kwenye eneo linalozunguka shule. Kazi hiyo, iliyoanzia Dar es Salaam, ilishinda mwaka 2019 tuzo ya kwanza ya miji inayotolewa na WRI Ross Center. Haikuhitaji barabara ya juu wala mkopo wa mabilioni. Ilihitaji mtu wa kusimama pale geti la shule na kutazama. Na barabara za mitaa zilizojengwa kupitia mradi wa uendelezaji wa jiji la Dar es Salaam (DMDP) zimetuonyesha kwamba njia ya miguu na mtaro uliofunikwa vinawezekana hata ndani ya makazi yaliyobanana.

Basi haya ndiyo ninayoomba. Nimeyapanga kuanzia yasiyo na gharama.

Kwanza, kwa waganga wakuu na wasimamizi wa vituo vya afya: badilisheni saa. Kliniki nyingi za watoto huanza asubuhi, na mwenye kuchelewa hukuta namba zimekwisha au foleni imefika getini. Kwa hiyo sote tunatoka saa 12 na saa moja, tukigombania magari na wafanyakazi na wanafunzi. Kuanzia saa 4 daladala zilezile zinapita na siti tupu, konda anakubembeleza upande. Toeni namba za saa 4, saa 6 na saa 8 kwa wenye watoto chini ya miezi minne. Mama anayekaa mbali apewe namba ya saa 4 na aikute ingali yake akifika. Hakuna basi jipya litakalonunuliwa kwa ajili ya hili. Na mkiweza, mama mwenye kadi mbili ahudumiwe mara moja, mzani wa mkubwa na sindano ya mdogo katika siku moja.

Pili, kwa LATRA: wekeni siti za mbele, mstari ule wa nyuma ya dereva, kuwa za wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga, na ziandikwe kwa rangi isiyofutika. Iandikwe pia ndani ya kila gari, karibu na bei ya nauli, mtoto wa umri gani analipiwa na wa umri gani halipiwi. Ubishi wa "lipia na huyo, anakalia siti" umewahi kumfanya mama ashushwe njiani. Maandishi yatakata maneno. Na gari lisimame kabisa, magurudumu yatulie, mpaka mwenye mtoto awe amekaa au amefika chini.

Tatu, kwa DART: kwenye vituo vikubwa, saa za msongamano, mlango mmoja wa basi upewe kwanza makundi hayohayo, kwa dakika moja, mbele ya askari au mhudumu wa kituo. Nimeambiwa kwa utani kwamba watu wataazima watoto ili wapite mbele. Waazime. Anayeamka saa 11 alfajiri, akamwogesha mtoto wa jirani, akamvalisha na kumbeba mpaka kituoni kwa ajili ya siti, amekwisha kuilipia.

Nne, kwa halmashauri: kila kituo cha afya na kila zahanati iwe na kijiwe cha bajaji kilichosajiliwa, chenye bei za kwenda mitaa ya jirani zilizobandikwa ukutani. Bajaji za kuchangia tayari zinafanya kazi mitaani. Akina mama watatu wa mtaa mmoja wakipanda moja kutoka kliniki, nauli inagawanyika na bodaboda inakosa mteja.

Tano, kwa TARURA na TANROADS: fanyeni kwenye vituo vya afya kile kilichofanyika kwenye shule. Chukueni mita 300 kuzunguka kila zahanati, tembeeni humo na mama mwenye watoto wawili, halafu mjenge anachokionyesha: tuta, kivuko chenye alama, mtaro wenye mfuniko, njia isiyo na ngazi. Madaraja mapya ya waenda kwa miguu yawe na mteremko, si ngazi tupu.

Sita, pelekeni huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu walipo, kwenye mitaa ya pembezoni ya jiji, kule ambako nyumba zimefika na daladala hazijafika. Tumezoea kuiona kuwa huduma ya vijijini. Kuna mitaa ya Dar es Salaam ambayo ni mbali na zahanati kuliko vijiji vingi. Ofisi ya serikali ya mtaa ina ukumbi, ina meza, ina mjumbe anayejua kila nyumba yenye kichanga. Nesi mmoja na boksi lake la chanjo, siku moja kwa mwezi, vitawaokolea akina mama wengi safari.

Saba, kwa wamiliki wa magari: hesabu mnayoipanga ndiyo inayoamua kama mwanangu atafika kliniki. Dereva na konda wenye mkataba na mshahara wana sababu ya kusimama. Wenye hesabu ya kupeleka jioni wana sababu ya kukimbia. Nanyi mna mama zenu na wake zenu, na si wote wanaotembea kwenye magari yenu binafsi kila siku.

Nitajibiwa kwamba kuna mambo makubwa zaidi: magari hayatoshi, awamu za mwendokasi hazijakamilika, foleni inalimaliza jiji. Ni kweli yote. Lakini tazameni orodha hiyo tena. Siti ya mbele haihitaji mkopo. Namba ya saa 4 haihitaji mkandarasi. Rangi ya kuandika umri wa mtoto haizidi bei ya tangi moja la mafuta. Na faida yake haitaishia kwetu. Gari linalosimama vizuri kwa ajili ya kichanga limesimama pia kwa ajili ya mzee mwenye fimbo, mgonjwa anayetoka Hospitali ya Amana na bandeji, mama mwenye ndoo ya samaki, mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ukimpangia usafiri mwenye miguu mifupi kuliko wote, wengine wote watapanda.

Wadogo zangu makonda, neno moja kwenu. Wengi wenu mnatuita "mama" hata tukiwa tumelingana umri, na mnapotushikia mtoto mnamshika kama wenu. Hatujasahau. Lakini msipige bodi kumwashiria dereva aondoke, mguu mmoja wa mama ukiwa bado hewani. Hesabu ya tajiri haitapungua kwa sekunde kumi, na mtoto akianguka hakuna hesabu itakayomrudisha.

Nanyi akina mama wenzangu, msinyamaze. Waliopanga mambo haya si watu wabaya. Wengi wanakwenda kazini kwa gari lenye kiyoyozi, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Gari likikuacha kwa sababu una watoto, andika namba yake na uipeleke LATRA. Kliniki wakikupa namba ya saa moja, omba ya saa 4 na useme sababu. Siku ya mkutano wa mtaa, mpeleke na huyo kichanga, mwenyekiti amwone.

Viongozi, sihitaji jibu la barua. Anzeni na mawili yasiyo na gharama, siti za mbele na namba za saa 4, kabla ya masika yajayo. Hayo mengine tutayafuatilia ofisini kwenu, tukiwa na watoto wetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto wawili,
Segerea, Dar es Salaam.